Gredi ya 4: nifundisheje kazi za serikali ya kaunti?

Mwalimu_Embakasi:
Hamjambo walimu. Nafundisha Masomo ya Jamii Gredi ya 4. Watoto wanazijua kaunti zote 47 za Kenya kwa kichwa, kutoka Mombasa namba 1 hadi sisi Nairobi namba 47. Lakini nikiuliza taka zilizorundikana nje ya lango ni kazi ya nani, darasa zima: "Rais!" Mnaanzia wapi?

Mwalimu_Makadara:
Mwalimu, watoe nje. Mimi huwapeleka hadi mlangoni pa chekechea, palepale shuleni kwetu. Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya chekechea, ya msingi ikabaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo mwalimu wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, ni wa kaunti, na mimi niliye ng'ambo ya ukuta nimeajiriwa na TSC, tume ya kitaifa inayoajiri walimu wa shule za umma. Wanavyoshangaa! Mmoja aliuliza kama kengele pia ni mbili.

Kisha nachora mstari wa chaki sakafuni: huku kaunti, kule serikali kuu. Nataja kitu, wanaruka. Polisi! Taka! Zahanati! Soko! Hayo huwa mepesi. Nikisema "Chifu!" wanagongana, wengi wanakimbilia kaunti, kwa kuwa ofisi yake iko mtaani na wanamwona kila siku. Kumbe chifu ni wa serikali kuu, na mwakilishi wadi waliyemchagua wazazi wao ndiye wa kaunti. Hapo usiharakishe jibu, tafadhali. Waache wabishane hata kama kipindi kitaisha.

Mzazi_Umoja:
Naunga mkono. Wangu alikuja kuniuliza jina la wadi yetu, tukalitafuta pamoja. Nairobi ina wadi 85, nami sikuwahi kufuatilia hayo. Kazi za nyumbani ziwe hivi, walimu wetu, kuliko manila na rangi za kununua kila wiki. Wengine hatuna.

Mwalimu_Embakasi:
Asante sana, mwalimu. Ila yetu ni shule ya kibinafsi, mimi na wa PP2 tunalipwa na mtu mmoja.

Mwalimu_Makadara:
Basi tumia hizo taka. Wamwandikie mwakilishi wadi barua, waeleze ziko upande gani wa lango, kaskazini au mashariki, na wachore ramani. Dira utakuwa umeifundisha humo humo. Na barua ifikishwe kweli ofisini, mwalimu. Watoto wakijua inaishia kwenye droo yako, hawataandika nyingine kwa moyo.