Raga kisiwani Kilwa: iendelee, au tunawapotezea watoto muda?

Mwalimu wa Michezo
Wadau wa Kusini, nipeni maoni yenu bila kunionea haya. Nafundisha kisiwa kimoja huku Kilwa. Kiwanja ni kimoja, kina mbigili kuliko nyasi, na jioni ni cha soka. Kwa hiyo nawapeleka watoto ufukweni maji yakikupwa, nawafundisha raga ya wachezaji saba, ile ya kugusana tu bila kuangushana. Mpira tunao mmoja. Kamati ya shule imegawanyika. Mimi nasema iendelee: Fiji haifiki watu milioni moja, lakini Rio 2016 iliichapa Uingereza 43–7 fainali, ikapata medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Tokyo ikachukua dhahabu tena.

Mzee wa Shangani
Mwanangu mwalimu, Fiji umeitaja sipo. Kule raga ndiyo soka yao, chama chao ni cha tangu 1913. Mtoto anazaliwa anaukuta huo mpira wa yai uvunguni mwa kitanda cha babu yake. Wewe unapanda mnazi leo unataka dafu kesho. Hapa Kusini njia inajulikana. Timu ya Namungo ilipanda Ligi Kuu 2019, na sasa Simba na Yanga wanafunga safari hadi Lindi kucheza nayo. Wape boli la duara.

Binti Kivinje
Shikamoo babu. Hao wa Namungo, wa visiwani ni wangapi? Na Kenya je? Huko nako soka ni ya kwanza, lakini 2016 walitwaa kombe la raga ya wachezaji saba la Singapore kwa kuwafunga haohao Fiji 30–7.

Halafu jambo ambalo wanaume hamlisemi: kwenye soka ya kisiwani sisi kazi yetu ni kushika nguo za kaka zetu. Kwa mwalimu mdogo wangu anacheza, na hijabu yake kichwani, na mbio anazijua.

Mzee wa Shangani
Marahaba. Kenya wana shule za Nairobi zilizocheza raga tangu mkoloni. Ninyi mna mpira mmoja.

Nahodha
Mimi navusha watu, nitasema ya baharini. Leo wanagusana, kesho watataka kuangushana, maana ndiyo mchezo wenyewe. Kijana akivunjika mtulinga usiku, kusi linavuma, mashine imegoma, nani anamfikisha Kilwa Masoko, ng'ambo bara? Nimeshamvusha aliyeanguka mnazini. Alilia njia nzima, kila wimbi.

La pili ni dago, kwenda kupiga kambi ya uvuvi mbali na nyumbani. Vijana wenye nguvu wakishakwenda dago miezi miwili mitatu, timu utaicheza na nani, mwalimu, na mbuzi?

Mwalimu wa Michezo
Nahodha, la mtulinga sina jibu. Mpaka kisiwa kiwe na boti ya wagonjwa, kwangu hakuna kuangushana, na hilo nimewaambia wazazi.

Ila dago ndilo lililonifanya niichague raga! Soka inataka kumi na mmoja, na dago likianza hatuwapati. Saba nawapata, hata nikichanganya wakubwa na wadogo. Dakika saba, pumziko, dakika saba, kwisha. Na kwa kuwa pasi ya mkono hairuhusiwi kwenda mbele, yule mwenye mbio peke yake hafiki popote bila wenzake.

Nahodha
Hapo umenigusa kidogo. Kidogo.

Mama wa Pweza
Mnabishana Fiji na Kenya, mimi nina shida na ndoo. Bamvua, maji yanapokupwa sana, ndiyo siku zetu za pweza, chache tu kwa mwezi, na watoto wa kunibebea ndoo wote wako kwa mwalimu. Chezeni maji mafu, siku ambazo hayakupwi sana.

Mwalimu wa Michezo
Mama yangu, maji mafu ufukwe unabaki kama mkeka.

Mama wa Pweza
Basi chezeeni mkekani. Bamvua wanangu nawachukua.