Kifuniko cha chupa ni mililita ngapi?

Swali: Wadau, lebo ya dawa ya nyanya inasema ml 40 kwa lita 20 za maji. Bomba langu la mgongoni ni lita 16. Nina kijiko na kifuniko cha chupa ya maji tu. Nipimeje?

Jibu 1: 40 × 16 ÷ 20 = ml 32. Kijiko cha chai cha kipimo ni ml 5, cha chakula ml 15. Vya nyumbani havilingani, usiviamini.

Jibu 2: Nunua sirinji ya ml 10 duka la dawa, toa sindano. Jaza kifuniko maji hadi ukingoni, yasitune juu kama tumbo, kisha yavute usome. Rudia mara 5, jumlisha vipimo, ugawe kwa 5. Kikitoa ml 6, basi ml 32 ni vifuniko 5 na ml 2 za sirinji. Dawa nzito hubaki imeganda ndani. Suuza kifuniko kwa maji, umimine humohumo bombani. Vaa glavu, na tafadhali kifuniko hicho kisirudi kwenye chupa ya kunywea!

Jibu 3: Dawa ya unga hupimwa kwa gramu. Hesabu hii haiihusu, tumia mizani.