Shafti ya winchi imekatika kama kioo: tatizo ni chuma au ni joto?

Mvuvi wa Kirumba
Wakuu, winchi tunayovutia boti nchi kavu hapa Kirumba, Mwanza, ilifungwa shafti mpya ya EN19, aina ya chuma cha aloi. Karakana iliyoikereza iliipasha moto mpaka ikawa nyekundu, ikaitumbukiza majini, kisha ikaipasha tena kidogo hadi uso ukageuka buluu. Tupa ilikuwa ikiiuma kwa shida, lakini imekatika ghafla bila kupinda, na penye mkato panang'aa chembechembe. Chuma kigumu namna hiyo kinakatikaje?

Mkerezaji
Mkuu, ugumu na uimara ni vitu viwili. EN19 ina kaboni takriban asilimia 0.4, kromi asilimia 1 hivi na molibdenamu kidogo, na hizo mbili za mwisho ndizo zinazokiwezesha kugumika hadi ndani hata kikipoozwa taratibu. Kwa hiyo hupashwa hadi nyuzi 850 hivi na kuzimwa kwenye oili; maji hukistua, na nyufa huanzia penye pembe kali, hasa kwenye mfereji wa kii, yaani kile kipande kinachozuia gia isizunguke peke yake juu ya shafti.

Hata hivyo, mimi naishuku zaidi hiyo buluu. Rangi hiyo hutokea karibu na nyuzi 300, na mafundi wetu wameizoea kwenye tindo, ambayo ni kazi nyingine kabisa. Kwa chuma cha aina hii, kati ya nyuzi 250 na 400 kabidi, yaani muungano mgumu wa chuma na kaboni, hujitanda kama utando mwembamba ndani yake, kikabaki kigumu huku uwezo wake wa kuhimili mshtuko ukishuka. Shafti hupashwa mara ya pili kwa nyuzi 550 hadi 650. Ugumu unapungua, lakini inapozidiwa inapinda kwanza.

Mvuvi wa Kirumba
Nyuzi 600 nitazijuaje bila tanuri la kisasa?

Mkerezaji
Kwa macho hutazijua, maana rangi za uso zimeshapita na wekundu ni hafifu mno kuonekana mchana. Sumaku nayo huacha kushika karibu na nyuzi 770, hivyo inasaidia upashaji wa kwanza tu. Hapo pa pili panahitaji kipimajoto cha waya, na saa nzima kwa kila milimita 25 za unene.

Fundi Igoma
Naongeza moja: nondo za EN19 huuzwa pia zikiwa zimeshapitishwa motoni kiwandani, kwa ugumu ambao mashine ya kukereza bado inaumudu. Nunua hiyo, ikereze, uifunge, na usiruhusu mtu aisogeze tena motoni wala kuichomelea.