Sheria Na. 97 ya New York: tuanze na pampu za joto au na boila tuliyonayo?

Mkazi wa Bronx: Ndugu zangu, salaam. Nina hisa katika jengo la ushirika lenye nyumba 60. Ukubwa wake unazidi futi za mraba 25,000, kwa hiyo linaguswa na Sheria Na. 97 iliyopitishwa na Jiji mwaka 2019 ili kupunguza hewa ukaa ya majengo makubwa. Kamati yetu inataka kila mwenye hisa achangie ununuzi wa pampu za joto, yaani mitambo ya umeme inayovuta joto la nje na kulileta ndani, eti tusipofanya hivyo faini itatumaliza. Nami Januari iliyopita nililala dirisha likiwa wazi huku theluji ikianguka, kwa sababu hita ya chumbani, inayopata mvuke kutoka boila (tangi la kuchemshia maji la jengo), haizimiki. Je, mitambo mipya ndiyo ya kwanza?

Fundi Boila: Ndugu, anzieni kwenye dirisha hilo, maana joto la mafuta mnayoyalipia ndilo linalopotelea hapo. Fundi akague vali za kila hita, afunike mabomba yaliyo wazi na afunge vipima joto vyumbani, ili boila isiongozwe na baridi ya nje peke yake. Faini yenyewe hufikia dola 268 kwa kila tani ya hewa ukaa inayozidi kiwango ambacho sheria imeliwekea jengo: mkizidi tani 50 ni dola 13,400 kwa mwaka, yaani takriban dola 223 kwa kila nyumba. Inauma, lakini haimalizi mtu. Hata hivyo msilale, kwani viwango vilivyoanza 2024 ni vilegevu kuliko vitakavyoanza 2030, na hapo boila ya mafuta itawagharimu kwelikweli.

Mama Rockaway: Mimi nauliza, mitambo hiyo mipya mtaiweka wapi? Kimbunga Sandy kilipotupiga Oktoba 2012, maji ya bahari yalijaa chini ya jengo letu, yakazamisha boila na swichi kuu, tukawa tunapanda ngazi gizani na ndoo mkononi. Siku hizi kanuni za ujenzi zinataka majengo mapya, na yanayokarabatiwa kwa kiwango kikubwa, katika maeneo ya mafuriko yainue mitambo juu ya kimo cha maji. Kama mko karibu na maji, pigeni mapema hesabu ya kuiweka juu ya paa.

Mkazi wa Bronx: Ahsanteni. Sisi tuko mlimani, dada, bahari haitufikii. Nitaiomba kamati ripoti ya hewa ukaa iliyowasilishwa kwa Jiji, niione idadi ya tani kabla sijatia saini mchango wowote.