Je, kisanduku cha kuoteshea viungo dirishani kinastahili dola 30?

Mkaaji wa Bel-Air

Ndugu zangu wa Lubumbashi, ninakaa ghorofa ya pili, sina kiwanja wala baraza. Nina dirisha moja la jikoni na moja la sebuleni, basi. Duka moja la mjini linauza kisanduku cha kuoteshea majani ya viungo ndani ya nyumba. Mna vikopo sita vya bati, vidonge vya makumbi ya nazi vinavyofura vikitiwa maji, na vipakiti vya mbegu za persili, mrehani (ile baziliki), dhania, siboleti (majani membamba ya jamii ya kitunguu), timu (yaani thyme) na mnanaa. Shida yangu ni ndogo lakini hurudi kila juma: katika soko la Kenya (mtaa wa hapa mjini) nanunua fungu zima la persili, natia vijiti viwili kwenye samaki, na kesho kutwa yaliyobaki yamelala manjano katika friji ambayo umeme wake ni wa kubahatisha. Karatasi ya maelezo inaagiza kisanduku kiwekwe kwenye dirisha la kusini. Je, nikinunue?

Papa Mapacha

Mama, mimi nilikinunua mwaka jana mwezi wa tano, nikaifuata karatasi hiyo neno kwa neno. Mrehani uliota baada ya siku nane, watoto wakafurahi, lakini kufikia mwezi wa sita miche ilikuwa imerefuka kama nyuzi za kushonea, imeinama yote upande mmoja, vichwa vimegusa kioo. Usiku mmoja wa baridi uliimaliza. Nilipong'oa kopo la persili nikakuta maji meusi yametuama chini na mizizi inanuka kama bwawa, kwa maana vikopo vile vizuri havikuwa na tundu hata moja. Siboleti peke yake ndiyo iliyobaki, nayo tuliikata mara mbili. Hesabu mwenyewe bei ya kila jani.

Mwalimu wa Kasapa

Papa Mapacha hakukosea. Karatasi ndiyo iliyokosea. Imeandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu la mchana liko upande wa kaskazini tangu katikati ya Februari hadi baada ya katikati ya Oktoba, na hata linapovuka kwenda kusini wakati wa mvua, huwa karibu na utosi na haliingii ndani sana. Mwezi wa sita dirisha la kusini halipati jua la moja kwa moja hata kidogo, na ndio mwezi ambao usiku baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, kiwango ambacho mrehani hauvumilii. Tafuteni dirisha la kaskazini, au la mashariki, mkageuze kopo kila baada ya siku mbili tatu.

Makumbi ya nazi nayo hushika maji vizuri, lakini chakula cha mmea ndani yake ni kama hakuna. Baada ya wiki chache majani hugeuka manjano, mwenye kopo akadhani ni kiu, akaongeza maji, akaua mizizi.

Hata hivyo kuna hoja moja ambayo ingenifanya nikitetee kisanduku, na ajabu ni kwamba wauzaji hawaitaji. Shaba iliyeyushwa hapa mjini tangu 1911, na moshi wa shemine (bomba la moshi la kiwanda) ile ndefu tunayoifahamu sote uliacha shaba, risasi na kobalti katika udongo, hasa upande wa kaskazini-magharibi, kwa kuwa upepo wa kiangazi hutoka kusini-mashariki. Metali hizo haziozi, na mboga za majani huzipokea kwa mizizi na kwa vumbi linalotua juu yake. Basi anayechota udongo wowote nyuma ya nyumba na kuujaza katika kopo hajui anakula nini. Lakini kwa kukwepa hilo hamhitaji dola 30. Leteni mfuko mmoja wa udongo wa kichuguu kutoka mashambani, mbali na mji. Kwa kuwa peke yake ni mzito, changanyeni kipimo kimoja na kimoja cha mchanga na kimoja cha mboji iliyooza hadi haitoi harufu.

Mama wa Katuba

Mnanaa wa mbegu ni kupoteza muda. Omba kijiti kwa jirani, kitie katika glasi ya maji, mizizi itatoka ndani ya wiki mbili, mrehani vilevile. Seleri inunue ikiwa na mizizi, kata majani ya nje, panda kitako katika kopo kubwa la nyanya ulilolitoboa kwa msumari. Persili ndiyo ya mbegu, nayo inataka subira: wiki tatu, pengine nne, kabla hujaona kitu. Wengi huimwaga siku moja kabla haijaota.

Yaya wa Ruashi

Mimi sijutii changu. Nilimnunulia mama yangu ambaye miguu haimruhusu kutoka, na kila asubuhi huomba asogezewe vikopo vyake avitazame. Chakula hakikubadilika sana, nakiri.

Mkaaji wa Bel-Air

Asanteni sana. Nimetazama: dirisha la sebuleni ndilo la kaskazini, lile la jikoni linatazama ukuta wa jirani. Kisanduku nimekiacha dukani. Jana nimepanda vitako vitatu vya seleri, na kaka yangu anayelima barabara ya Kasenga ameahidi mfuko wa kichuguu. Swali limebaki moja: mbegu za siboleti na persili zinauzwa peke yake?

Mama wa Katuba

Kwa wauza pembejeo mjini, kwa kipakiti. Soma tarehe iliyo nyuma kabla hujalipa. Mbegu ya persili ikizeeka haioti.