Faili lipo kwenye seva, kompyuta ya studio inasema halipo

Kipaza:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, jambo hili linaninyima usingizi. Nahudumia kompyuta za redio ya jamii. Wahariri wanahifadhi sauti za habari kwenye folda ya pamoja iliyoko kwenye seva ya Linux. Kompyuta ya studio, Linux pia, inaisoma folda hiyo kwa NFS (njia ya kutumia folda ya seva kupitia mtandao), na kuna skripti, yaani programu ndogo, inayochungulia kila sekunde 2 kama faili la taarifa ya habari limefika.

Mhariri akihifadhi dakika za mwisho, kwenye seva naliona, studio inasema halipo. Baada ya nusu dakika, mara nyingine karibu dakika nzima, linajitokeza lenyewe. Jana mtangazaji alibaki kimya hewani. Nimebadilisha waya, nimebadilisha swichi, hali ni ileile.

MamaSeva:
Pole sana mkuu. Usinunue waya mwingine. Studio haimuulizi seva kila mara, inakumbuka hali ya folda. Kwa kawaida kwenye Linux inaikumbuka sekunde 30, na folda ikikaa bila kubadilika muda huo unapanda hadi 60. Ndizo nusu dakika na dakika zako.

Kinachowapotosha wengi ni kwamba hata jibu la "halipo" linatunzwa. Skripti yako inauliza jina kabla faili halijafika, inajibiwa halipo, kisha kila inapouliza tena inajibiwa kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta ileile ya studio. Seva haijui kabisa kwamba unauliza.

Likichelewa tena, endesha hii ukiwa root (msimamizi mkuu wa kompyuta) pale studio:

`echo 2 > /proc/sys/vm/drop_caches`

Likitokea papo hapo, kosa ni kache, yaani kumbukumbu hiyo. Hiyo ni ya kupimia tu, usiifanye tiba.

Kipaza:
Limetokea papo hapo! Asante sana dada. Sasa niweke `noac` yaishe?

Bandari_ya_22:
Hapana ndugu yangu, nakusihi. `noac` inazima kumbukumbu yote ya hali za mafaili, na pia inalazimisha kila kinachoandikwa kifike kwenye seva kwanza ndipo programu iendelee. Studio ikirekodi humo utalia. Kwenye vigezo vya kuunganishia folda hapo studio, weka hivi:

`lookupcache=positive,acdirmin=1,acdirmax=5`

Ya kwanza inaacha kutunza majibu ya "halipo", na ndiyo dawa yako hasa. Mbili zinazofuata ni za orodha ya folda inayoonekana kwenye skrini. Tenganisha folda kwa `umount` kisha uiunganishe upya, usitegemee `remount`. Halafu hakikisha kwa `nfsstat -m` kwamba vigezo vimeshika.

Mwanagenzi:
Je, akitumia inotify, ile huduma ya Linux ya kuarifu faili likibadilika, badala ya kuchungulia?

MamaSeva:
Haitamsaidia akiiweka studio, mdogo wangu. Inotify inaona mabadiliko yanayopita kwenye kompyuta yake yenyewe, ya mhariri aliye kompyuta nyingine haiyaoni.

Kipaza:
Nimeweka, taarifa ya saa 1 imeonekana ndani ya sekunde 2. Nimefurahi mno. Lakini ya saa 2 imeanza vizuri ikakatika katikati, na faili kwenye seva ni zima.

Bandari_ya_22:
Sasa unaliona mapema mno, mhariri bado analihifadhi. Tengeneza folda ya `maandalizi` ndani ya folda hiyohiyo ya pamoja. Wahariri wahifadhi humo, na faili likikamilika ndipo walihamishe kwa `mv`. Kwa kuwa ni diski ileile, linabadilishwa mahali tu bila kunakiliwa, kwa hiyo studio italikuta zima au haitalikuta kabisa.