GP, daktari wa mtaa wa hapa Uingereza, hakuiti kupimwa tezi dume, mpaka uombe mwenyewe

Kutoka: Mdau wa Reading

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari za baridi. Najua humu tunaongeaga viza, mabegi ya kilo 23 na nani analeta dagaa, ila leo nina jambo la wanaume na naomba akina mama msiifute hii emaili maana mimi bila mama watoto nisingefika popote.

Mwaka juzi kaka yangu mkubwa kule Moshi alianza kulalamika mgongo. Tukasema uzee huo, jembe hilo, akachuliwa, akachomwa sindano, akaambiwa abadilishe godoro na hela ya godoro nilituma mimi. Miezi saba hivyo hivyo. Alipokuja kupimwa sawasawa ikaonekana mgongo hauna kosa lake, ni kansa ya tezi dume ilishatoka kwenye tezi ikahamia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Na mkojo ulikuwa unatoka vizuri tu jamani, ndo maana hakuna aliyewaza huko.

Sasa mimi hapa nina miaka 57, kumi na tisa nimekaa nchi hii, na nilikuwa najiona nimepimwa kila kitu. Kichupa cha kupimia kinyesi kinaletwa kwa posta hata hujaomba. Ile cheki ya afya ya kuanzia miaka 40 niliitwa, wakaangalia presha, sukari, mafuta kwenye damu. Mama watoto anaitwa kupiga picha ya matiti. Jirani yangu Mwingereza alipofika 65 akapata barua ya kwenda kupimwa ule mshipa mkubwa wa tumboni. Kwa hiyo nikawa najiambia na tezi dume nayo ikifika zamu yake wataniita. HAWAITI. Hakuna barua, hakuna meseji, na kwenye ile cheki ya 40 hakimo kipimo chake. Mimi ningekaa nasubiri barua mpaka nastaafu.

Nikapiga simu. Dada wa risepsheni akaniuliza una dalili gani, nikasema sina, akasema kama huna dalili hamna haja. Hapo mimi nilishafika kwenye "okay thank you", mnatujua sisi. Mke wangu akaninyang'anya simu akamwambia hivi, na nawaandikia ili mkanakili: ana miaka 57, ni mweusi, kaka yake wa tumbo moja ana kansa ya tezi dume, anaomba kuongea na daktari kuhusu kipimo cha PSA, kile cha damu cha tezi dume. Simu ikatulia kidogo, nikapewa Jumanne. Kumbe utaratibu wenyewe upo, mwanaume yeyote wa 50 kwenda juu akishaongea na daktari akaelezwa faida na hasara zake, akikitaka kipimo anapewa bure, dalili si sharti. Yule dada hakuwa mbaya, alikuwa hajui.

Kipimo ni damu tu ya mkononi. Na kosa langu nalisema, mimi kazini naenda na baiskeli dakika arobaini, hiyo asubuhi nikatoka zamu ya usiku nikapiga pedali moja kwa moja mpaka kwa nesi. Majibu 4.1. Kwa umri wangu, mtu asiye na dalili, ikifika 3 wanashtuka. Nesi akacheka kusikia baiskeli, nikaambiwa nirudie baada ya wiki kadhaa bila kupanda, ikaja 3.9. Yaani baiskeli ilikuwa na sehemu yake ila haikuwa yote. Nikapelekwa hospitali, MRI ile mashine ya picha, halafu biopsi, yaani wanachukua vipande vya tezi, sindano zinapita pale katikati ya korodani na njia ya haja kubwa, wanatia ganzi, inauma kama mtu anakupiga na mpira wa manati kisha imeisha. Wiki ya kwanza unaona damu kwenye mkojo, na kwenye mbegu inakaa hata zaidi, usipoambiwa mapema utadhani unakufa.

Nina kansa. Ndogo, alama ya ukali wake wanaiita Gleason 6, ile ya chini kabisa, na hawajanikata wala kunipa dawa. Wananipima PSA kila miezi mitatu minne na MRI nyingine mwakani. Mke wangu mpaka leo hajaelewa, anasema una kansa halafu wanaitazama tu kama runinga?

Na kwa wale wa kidole cha daktari huko nyuma, maana najua ndicho mnachoogopa na ndo utani wetu tangu kijiweni: tangu nianze mpaka naandika hapa, kidole sijakiona.

---

Kutoka: Mkenya wa Leicester

Pole sana mzee, na asante kwa kuwa mkweli, si rahisi kuandika hiyo kitu kwa watu mia mbili. Lakini wacha niulize vile niko nauliza moyoni. Sasa umejua uko nayo, hawatibu, unalala ukiwaza. Si heri ungekaa tu? Mimi ami yangu alipimwa hivyo hivyo, wakampata nayo kidogo, yeye akaogopa akasema itolewe, ikatolewa. Sasa anavaa pampas na hiyo maneno ingine ya nyumbani iliisha kabisa, na ana 61. Hiyo kansa pengine haingemuua. Mimi nina 52 na ninaona afadhali ya Musa kuliko ya Firauni.

---

Kutoka: Binti wa Milton Keynes

Shikamooni. Samahani kuingilia mambo ya wazee. Baba yangu ana 71, yuko hapa kwa viza ya matembezi mpaka mwezi wa tatu, usiku anaamka mara nne tano na akiingia chooni anakaa. Kingereza hakipandi. Anakunywa vidonge alivyopewa Dar na unga wa mbegu za maboga aliotumiwa kwenye WhatsApp. Nimpeleke GP au asubiri arudi nyumbani? Na nani atatafsiri, maana mimi siwezi kukaa katikati ya baba na daktari nikaulizwa hayo mambo.

---

Kutoka: Dada nesi, Birmingham

Marahaba binti. Nimetoka zamu sasa hivi kwa hiyo nitaandika mchanganyiko na mtanisamehe.

Kwanza neno lenyewe, maana linatuponza. Watu wanasema "fulani ana tezi dume" kama ugonjwa. Tezi dume kila mwanaume anayo, kazaliwa nayo, inakaa chini ya kibofu imeuzunguka mrija wa mkojo. Kuna kuvimba kwa uzee, hiyo si kansa, ndo inayoamsha wazee wengi usiku. Na kuna kansa, ambayo mara nyingi inaanzia pembeni ya tezi mbali na mrija, kwa hiyo mkojo hausumbuki na mtu hajui. Ndo maana kaka wa Reading ndugu yake alikuwa anakojoa vizuri. Anayesubiri dalili anasubiri kitu ambacho kikija mara nyingi kimeshachelewa.

Kaka wa Leicester, swali lako si la kijinga, hata madaktari wanagombana kwa hilo hilo. PSA si kipimo cha kansa, ni kipimo cha tezi kulalamika. Ikiwa juu, karibu watatu kati ya wanne hawana kansa, na ikiwa ya kawaida bado mmoja kati ya saba anaweza kuwa nayo. Zamani ukikutwa nayo juu ulikwenda moja kwa moja kwenye sindano, ukikutwa na kakitu kadogo unakatwa, na watu kama ami yako ndo walioumia. Sasa hivi MRI inatangulia, wengi wanaishia hapo hapo hawachomwi. Na akikutwa na Gleason 6 mtu haharakishwi. Kuna utafiti mkubwa wa hapa Uingereza walifuatilia wanaume zaidi ya 1,600 kwa miaka 15, wengine wamekatwa, wengine mionzi, wengine wanaangaliwa tu, majibu yakatoka 2023, waliokufa kwa hiyo kansa kwenye makundi yote ni kama watatu kwa mia. Ila nisiwafiche, karibu wote walikuwa wazungu. Kwetu ugonjwa unakuja mapema na kwa wingi, mweusi wa nchi hii mmoja kati ya wanne atakutwa nao maishani mwake, ukichukua wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Kwa hiyo "bora nisijue" ya mzee wa Kiingereza mimi naielewa, ya kwako wewe mwenye 52 naitilia shaka. Mwenye baba au kaka aliyeugua hatari inazidi mara mbili na zaidi, na Prostate Cancer UK wanashauri mweusi aanze kuongea na daktari akifika 45.

Maandalizi, maana nachoka kurudisha watu: siku mbili kabla usipande baiskeli wala mazoezi makali, na masaa 48 usikutane na mkeo, wala kujimaliza mwenyewe, nimesema kwa heshima zote. Ukiwa umetoka kuugua UTI subiri wiki sita. Na kama unatumia Finasteride, vidonge vya kupunguza tezi iliyovimba, SEMA, hiyo inaishusha PSA kama nusu, unaonekana uko 3 kumbe ni 6.

Ndo nakuja kwako binti. Vidonge vya baba viangalie jina kwenye karatasi, nina wasiwasi ni hivyo hivyo. GP mnaweza kumwandikisha kama mgeni wa muda, kumwona GP ni bure hata kwa mwenye viza ya matembezi, wala hawatakiwi kumnyima kwa sababu hana vitambulisho. Lakini akitumwa hospitali analipa, wanatoza asilimia 150 ya gharama yenyewe, MRI na biopsi hapa zitawamaliza. Ningekuwa mimi ningemwona GP, ningefanya damu na mkojo, nikamrudisha nyumbani na majibu mkononi aende Muhimbili kwa daktari wa njia ya mkojo. Isipokuwa mkojo ukigoma kabisa kutoka na tumbo linajaa, hapo usiwaze hela, emajensi siku hiyo hiyo.

Tafsiri: wakati wa kupiga simu omba mkalimani wa Kiswahili, MWANAUME, na apointimenti ya muda mara mbili. Hamlipii. Wakisema mtoto wake atatafsiri kataa kwa adabu. Nimeona chumbani binti anaambiwa amuulize baba yake kama jogoo bado anawika, akamuuliza kama amekula mchana, daktari akaandika "hapana". Ilibidi niingilie.

Mbegu za maboga ni chakula kizuri, ale.

---

Kutoka: Mdau wa Houston

Huku Marekani barua pia hakuna wakuu. Mwenye bima anakwenda cheki ya mwaka anatolewa chupa tano za damu anadhani PSA imo, uliza, mara nyingi haimo mpaka daktari aiandike. Ushauri wa serikali wa 2018 unasema 55 mpaka 69 uamue na daktari wako, American Cancer Society wao mweusi wanamwanzia mazungumzo 45. Mimi nina 48 nilimwambia wangu niandikie, akaandika, sekunde kumi.

Na hii siri yetu wanaume si ya Waswahili peke yetu. Mnamkumbuka Lloyd Austin, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa huku, jenerali mzima? Desemba 2023 akafanyiwa upasuaji wa kansa hii, Januari mosi akarudishwa hospitali hali mbaya, na bosi wake Rais Biden siku kadhaa hajui waziri wake yuko wapi. Ana majeshi yote ya Marekani chini yake akashindwa kusema neno tezi dume. Akaja kuomba radhi mbele ya waandishi. Nilimuona baba yangu mzazi pale.

---

Kutoka: Mdau wa Reading

Asante dada nesi, nimemsomea mke wangu hiyo ya watatu kwa mia, ametulia, ila amesema MRI ya mwakani tunakwenda wote.

Kaka wa Leicester sikulaumu, usiku wa kwanza hata mimi niliwaza kama wewe. Halafu nikakumbuka lile godoro. Bado kaka yangu analalia.

Nyongeza mbili. Novemba 2025 kamati inayoishauri serikali hapa ilitoa rasimu ikasema wanaume wasiitwe kwa jumla, hata sisi weusi, wameona ushahidi hautoshi, wamependekeza wenye ile hitilafu ya kurithi ya BRCA tu. Kwa hiyo hadithi ya barua msiingojee. Ila kuna barua moja ya utafiti wa kupima tezi dume unaitwa TRANSFORM, huombi, wanachagua wenyewe kupitia GP, weusi kuanzia 45. Jamaa mmoja hapa Reading aliipata akaichana akidhani matapeli. Ikija isome kwanza.

---

Kutoka: Mkenya wa Leicester

Sawa mzee. Hiyo ya godoro imenikaa. Mama watoto amesoma hii yote akanishikia simu akaniwekea sikioni. Wamenipea Alhamisi asubuhi ya wiki ijayo.

---

Kutoka: Mzee wa Coventry

Wanangu, nawasoma tu siku zote siandikagi. Nina 68 na sijawahi kupimwa hata mara moja, nami nimeomba leo, Ijumaa natolewa damu. Dada nesi nina swali moja, yale masaa 48 ni kwa sisi pia au ni kwa vijana tu?

---

Kutoka: Dada nesi, Birmingham

Shikamoo mzee. Ni kwa wote. Na hongera.